Rejesha Kikao Kilichopita

Kompyuta namba tatu ndiyo iliyonifanya nikae Morogoro muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimefika mjini juu ya shehena ya vitunguu kutoka Dumila, nina begi moja, na nilitaka kuendelea mbele, labda Ngerengere, labda Kisaki ambako niliambiwa kuna reli nyingine inayopita porini. Shule niliiacha darasa la sita, kwetu Tabora. Hakuna aliyenifukuza. Treni ilikuwa ikipita nyuma ya darasa letu na mimi nilitaka kujua inakwenda wapi, basi siku moja nikaenda kuangalia. Tangu hapo nimekuwa hivyo. Nikiona mtu kafungua redio mezani, nasimama mpaka aifunge.

Mji wenyewe wakati ule ulikuwa haujajua vizuri umekuwa nini. Viwanda vilivyokuwa vimeajiri karibu mtaa mzima vilikuwa vimeuzwa au vimefungwa, na waliopunguzwa kazi walikuwa wanafungua kila aina ya biashara: duka la dawa, saluni, banda la video, mashine ya kusaga. Mzee mmoja aliyekuwa mtunza stoo wa kiwanda alitumia kiinua mgongo chake kununua kompyuta sita zilizokwisha kutumika, akazipanga katika chumba kimoja karibu na soko, akaandika mlangoni INTANETI. Niliingia kuuliza tu. Nilimwamkia, nikamwuliza nyaya zile zinakwenda wapi. Akanieleza. Nikauliza tena. Siku ya tatu akasema kama nimeamua kuendelea kuuliza, afadhali nishike ufagio na nikaribishe wateja, ili maswali yangu yawe na faida kwa mtu. Ndivyo nilivyopata kazi.

Kompyuta zile zilikuwa zimeharibiwa na virusi mara mbili kabla sijafika. Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja akafuta kila kitu, akaweka Linux. Alimwambia mzee kwamba mfumo huo haushikwi na virusi kama ule wa zamani, ni wa bure, na tena unazungumza Kiswahili. Mzee alikipenda zaidi hicho cha mwisho. Kisha mwanafunzi akaenda mkoa mwingine kwa mafunzo ya vitendo, na simu yake ikawa haipatikani. Tukabaki sisi na Kiswahili chenyewe.

Kilikuwa Kiswahili cha ajabu. Maneno nilikuwa nayajua karibu yote, lakini hayakuwa na maana niliyoijua. Chombo cha kufungulia kurasa za intaneti kiliitwa kivinjari. Kuvinjari mimi nilikuwa nimezoea kusikia kwa habari ya askari wa doria, wale wanaozunguka mitaani kuwatafuta watu wa aina yangu. Sasa kila asubuhi nilikuwa nawasha vivinjari sita na kuwakaribisha watu wakae mbele yake.

Tatizo ni kwamba kilikuwa kinajifunga. Hakikutoa onyo lolote. Mteja yuko katikati ya barua, ghafla dirisha zima linatoweka na kubaki picha ya mlima wa bluu ambao haukuwa Uluguru wala mlima wowote niliowahi kuuona. Wakati mwingine hakikujifunga bali kiliganda. Ukijaribu kulisogeza dirisha linaacha michirizi, kama rangi mbichi iliyopitishiwa mkono, na ile taa ndogo ya kwenye sanduku inawaka bila kupepesa, na humo ndani unasikia kama panya anatafuna gunzi.

Nikanunua daftari. Kila kivinjari kilipojifunga niliandika kompyuta ipi, saa ngapi, mteja alikuwa anafanya nini, na hali ya hewa. Hali ya hewa niliiweka kwa sababu mwanzoni nilikuwa na hakika kwamba ni mvua. Wingu likishuka mlimani, mtandao wetu ulikuwa unalegea, na nikadhani kivinjari kinakata tamaa kama mtu aliyepiga simu isiyopokewa. Lakini ikaja wiki ya jua kali, kikajifunga zaidi. Basi nikasema ni joto. Nikafungua mfuniko wa namba tano na kuiwekea feni ya mezani. Ikaganda huku inapepewa. Nikasema ni umeme. Nikasema ni wateja wanaobonyeza kwa hasira. Kwa muda nilimshuku mwanamke mmoja wa benki, maskini, kwa sababu tu jina la kazi yake lilionekana mara nyingi kwenye daftari langu.

Mwanafunzi mwingine aliyekuja kusoma barua zake alinionyesha dirisha jeusi ambamo unaona programu zote zimepangwa kwa mstari, kila moja na kiasi cha kumbukumbu inachokula. Kivinjari kilikuwa juu kabisa, kinakula karibu chakula chote cha nyumba. Akanifundisha pia amri ya kuiua programu iliyoganda. Hilo ndilo neno lao, kuua. Siku moja nikamwambia mama mmoja aliyekuwa anasoma barua ya mwanawe, "Mama, ngoja niiue mara moja," na mzee akaniita nje akanisema kwamba humu ndani hakuna kuua, kuna kuzima.

Na kila ukikifungua upya baada ya kujifunga, kilileta kisanduku chenye vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa *Rejesha kikao kilichopita*. Kingine, *Anza kikao kipya*. Sisi tulibonyeza kipya. Siku zote. Ilikuwa hivi: kabla sijafika, mteja mmoja alikuta barua pepe ya mtu aliyemtangulia iko wazi, akaisoma yote, na kumbe mwandishi wa barua ile alikuwa shemeji yake. Ugomvi ulifika mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee akabandika karatasi ukutani: MAMBO YA MTEJA ALIYEPITA SI YAKO. Kwa hiyo kikao kilichopita kilikuwa cha mteja aliyepita, hilo halikuwa na mjadala. Na neno rejesha, kwa mtu aliyefanya kazi stoo miaka yote, lilikuwa na maana moja tu: kitu kilichoazimwa kirudi kilikotoka. Mzee aliamini kabisa kwamba ukibonyeza hapo unayarudisha mambo ya yule mtu kwa wenye intaneti. Mimi nilimwamini. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza. Niliwafundisha wateja wote, kwa upole, kubonyeza kipya.

Mwalimu mmoja alikuja Jumanne. Alikuwa ameshuka kutoka Mgeta kwa pikapu ya kabichi, na kwenye gauni lake kulikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kabila langu kabla hajakaa. Nikamwambia Mnyamwezi.

"Basi nimekwisha," akasema. "Mzigo wangu nimempa mpagazi."

Wanyamwezi, wabeba mizigo wa misafara ya zamani, na Waluguru ni watani, na utani haupewi nafasi ya kupoa. Nikamwambia asiwe na hofu, mpagazi anajua kutembea tambarare, si kama watu wanaolima shamba lililosimama, jembe likiwaponyoka wanalifuata bondeni siku mbili. Akacheka, akafungua mkoba.

Shule yake ya msingi ilikuwa juu kabisa mlimani. Katika darasa lake alikuwa na watoto wawili wasiosikia, dada na kaka, na kwa miaka mitatu alikuwa anawafundisha kwa kuwaandikia ubaoni na kuwashika mabega. Alisema hajui kama wanajifunza chochote au wanamwonea huruma tu. Alikuwa amesikia kuna ufadhili wa kwenda nje mwaka mmoja kusomea kufundisha watoto kama hao. Maombi yanapokelewa kwa intaneti peke yake, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Walitaka watu wasiozidi miaka arobaini na mitano. Yeye alikuwa na arobaini na mitano. Hakulisema jambo hili kwa huzuni. Alilisema kama mtu anayekutajia saa ya basi.

Majibu yote alikuwa ameyaandika kwa Kiingereza kwenye daftari, kwa wino, na kuyasahihisha kwa wino mwekundu kama anavyosahihisha ya wanafunzi. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Aliandika kwa kidole kimoja. Kwenye kompyuta nyingine fomu ile iliganda ukurasa wa nne na kubaki hapo. Namba tatu haikuganda. Ilikwenda vizuri mpaka ukurasa wa saba, ikajifunga.

Nikabonyeza kipya. Akaanza tena. Ukurasa wa saba ikajifunga tena, na pikapu ilikuwa inaondoka.

Jumatano alikuwa na vipindi. Alhamisi akashuka, akapitia kwanza kafe nyingine ya mjini, akakuta mtandao wao umekatika tangu mwanzo wa wiki, akaja kwetu. Safari hii ilifika ukurasa wa tisa. Mlima wa bluu ukatokea. Alifunga daftari lake taratibu, akaniambia, "Mtani, umebwaga tena," na safari hii hakucheka. Alilala kwa ndugu yake mtaa wa Mji Mpya ili asikose Ijumaa asubuhi.

Jioni ile nilikaa na daftari langu la makosa nikatafuta kitu chochote. Yule mwanafunzi wa dirisha jeusi alikuwa ameniambia kwamba huenda mkosaji si kivinjari chenyewe bali ni kijifaili kilichopachikwa ndani yake cha kuonyesha picha zinazochezacheza. Alikuwa ameniandikia jina lake na mahali kinapokaa. Nikakitoa kwenye kompyuta zote sita, kwa uangalifu kama nafungua saa ya mtu. Asubuhi namba mbili na nne zikawa nzuri kabisa kwa barua za kawaida, lakini fomu ya mwalimu bado iliganda ukurasa wa nne. Namba tatu nikaijaribu, ikajifunga ndani ya nusu saa. Kwa nini dawa moja iponye wawili na isimponye wa tatu wakati kompyuta zote zilitoka kontena moja, sijui mpaka leo.

Mwalimu alifika saa nne. Nikamweleza ukweli: nyingine zote zitaganda ukurasa wa nne, namba tatu itakwenda mbele lakini inaweza kujifunga. Akasema anayejifunga afadhali kuliko anayeganda, kwa sababu aliyeganda hakupi hata nafasi ya kuanza upya. Akakaa.

Nilikaa nyuma yake. Wateja wengine nilimwachia mzee. Ukurasa wa saba ukapita. Wa nane. Wa tisa alikuwa anaeleza habari za watoto wale wawili, na nilimwona anaacha kuangalia daftari na kuandika kitu kingine, kirefu zaidi, moja kwa moja kutoka kichwani. Ukurasa wa kumi, ilikuwa imepita saa nane mchana, mlima wa bluu ukatokea.

Nilikifungua kivinjari haraka kwa sababu karibu saa mbili zilikuwa bado zipo. Kisanduku kikaja. Nikapeleka kidole, naye akanishika mkono.

"Subiri. Hapa pameandikwaje?"

Nikamsomea vyote viwili.

"Na wewe siku zote unabonyeza kipi?"

"Kipya."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha karatasi ya mzee ukutani. Aliisoma, akageuka kuangalia tena kile kisanduku, na uso wake ukawa ule wa mwalimu aliyekuta kosa la sarufi kwenye gazeti.

"Hujawahi kukaa kwenye kikao, wewe," akasema. "Mimi ni katibu wa vikao vya shule mwaka wa tisa huu. Kikao kipya hakianzi mpaka usome muhtasari wa kikao kilichopita. Watu wanauthibitisha, yanafuata yatokanayo, ndipo mnaendelea na agenda. Sasa wewe kila siku unaanza kipya. Ya jana unampa nani?"

Mzee aliyasikia kutoka mezani kwake. Akasema kwa heshima kwamba kikao kilichopita ni cha mteja mwingine, na kwamba humu ndani siri za watu zinalindwa.

"Shikamoo mzee," mwalimu akasema. "Tangu saa nne kiti hiki nimekikalia peke yangu. Kilichopita ni changu."

Mwalimu akabonyeza *Rejesha*.

Taa ndogo iliwaka, panya akatafuna, na polepole ukurasa wa kumi ukarudi. Ulirudi na maneno yake yote, mpaka lile neno alilokuwa ameliandika nusu. Yeye alisema tu, "Haya," akaendelea kuandika pale pale. Mimi nilisimama, nikaenda mlangoni, nikarudi. Akilini nilikuwa nawaona wateja waliopita. Kulikuwa na baba mmoja aliyeandika barua moja kwa mwanawe mara nne katika siku moja, kila mara fupi kuliko ya kwanza, mara ya mwisho mistari miwili, nayo ikapotea, akatoka bila kuaga. Mara zote nne nilikuwa nimesimama pembeni yake, namwambia kwa upole abonyeze kipya.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na kitufe kimoja cha kutuma. Ilikuwa saa tisa na ushei. Alikibonyeza, duara likazunguka, likazunguka, na kabla halijaacha kuzunguka kivinjari kikajifunga.

Nilikifungua, mwalimu akarejesha mwenyewe. Kikaja kisanduku ambacho sikuwahi kukiona: ili kuonyesha ukurasa huu lazima taarifa zitumwe tena, je, unakubali?

Hapo tulichanganyikiwa wote watatu. Kama ya kwanza ilikuwa imefika, ya pili ingewafanya wamwone mjanja, mtu anayeingiza kadi mbili kwenye bahati nasibu. Kama haikuwa imefika na tukaacha, basi hakuna kitu. Mzee alisema huko stoo, ukipeleka hati mbili za mzigo mmoja, zote mbili zinasimamishwa mpaka uchunguzi. Mimi nilisema kompyuta ya huko labda inajua kutofautisha. Mwalimu akaniuliza kama hii ya hapa inajua.

Akatazama saa ya ukutani. Akatuma tena. Ukaja ukurasa mweupe wenye neno la asante kwa Kiingereza, bila namba wala jina lake. Alinishika mkono, akaagana na mzee, akaenda.

Mzee hakuibandua ile karatasi. Baada ya siku mbili alichukua kalamu akaongeza chini yake: ISIPOKUWA KAMA NI YAKO. Nami nikaanza kuwafundisha watu kurejesha, na wengi walinitazama kwa mashaka, kwa sababu ni mimi huyo huyo niliyekuwa nimewafundisha kinyume. Namba tatu iliendelea kujifunga. Wakati mwingine ilirejesha kila kitu, wakati mwingine nusu, wakati mwingine ilirejesha ukurasa ambao mteja aliapa hajawahi kuufungua.

Mwalimu alirudi baada ya wiki kadhaa kuangalia barua pepe. Nilimkalisha namba mbili. Akafungua barua ya wafadhili, akaisoma mpaka mwisho, akabaki ameweka mikono mapajani. Ilikuwa inamshukuru na kumwambia kwamba wamesikitika, ombi lake lenye namba fulani halikutimiza vigezo. Sikuweza kumtazama usoni, basi nikatazama kioo, na chini ya ile barua nikaona nyingine ya watu wale wale.

"Mwalimu, na hii?"

Akaifungua. Ilimpongeza kwa kuchaguliwa, ombi lake lenye namba nyingine, na kumtaka aandae pasi ya kusafiria. Tuliziweka barua mbili sambamba. Jina moja, shule moja, tarehe moja, maneno ya watoto wale wawili yamenukuliwa kwenye ile ya pongezi. Namba zilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu, huwezi kujua ipi ilitangulia. Mzee alikuja kuangalia, akavaa miwani, akasema labda waliona mbili wakafuta moja. Lakini barua ya kwanza haikusema imefutwa. Ilisema hakufaa.

Nikamshauri awaandikie awaulize ipi ndiyo ya kweli.

"Nikiwauliza watanijibu," akasema.

Akaniomba nichapishe ile ya pongezi peke yake. Karatasi ilipotoka aliikunja mara mbili, akaiweka ndani ya daftari la wino mwekundu. Mimi bado nilikuwa nimekodolea macho kioo. Nilikuwa nataka kujua ni lipi lililokubaliwa, lile la kwanza tuliloliona likitoweka au la pili tulilobishania kabla ya kulituma, na kama ni la pili, ni nini kingetokea siku ile kama namba tatu isingejifunga. Nikamwuliza kama yeye hataki kujua.

Akasema anachotaka kujua ni ofisi ya uhamiaji inafungwa saa ngapi.